Herufi Tatu Kibaoni

Lincolnshire, Uingereza
12 Januari 1998

Kwa Bi. Leonila Sadiwa,

Hunijui. Naitwa Maureen Thackray. Kazi yangu ni kugawa chakula wodini, katika hospitali aliyokuwa amelazwa Perlita. Mimi si muuguzi. Anwani yako nimeikuta kwenye bahasha iliyokuwa ndani ya kabati dogo la kando ya kitanda chake. Bahasha yenyewe ilikuwa tupu, lakini jina lako na la kijiji chenu aliyaandika vizuri, nikaona lazima wewe ni ndugu yake.

Sijui kama wakubwa wa ile nyumba ya wazee alikokuwa anafanya kazi wameshakuandikia. Kama bado, naumia kwamba mimi ndiye wa kwanza kukuambia. Perlita alifariki Alhamisi, tarehe 11 Desemba, asubuhi. Amezikwa hapa kwetu. Tulikuwa watu sita na padri.

Ulikuwa ugonjwa wa koo, kama labda unavyojua. Madaktari walimtoboa shingoni ili apate kupumua, na sauti ikaondoka. Wakampa kibao cheupe na kalamu ya wino unaofutika, na kila alichotaka alikiandika pale. "Maji." "Dirisha." "Asante Maureen." Hakuandika asante hata siku moja bila kuweka jina langu.

Kuna kitu nataka ukijue, kwa sababu mimi ningetaka kukijua kama angekuwa wangu. Alikula mpaka mwisho. Siku tatu za mwisho, kila nilipokwenda kuchukua sahani, nilimkuta ameshaniandikia neno moja tu kibaoni: ate. Yaani amekula. Wengine hukataa kabisa chakula wakifika hapo. Yeye hakutusumbua.

Nakutumia vitu vyake kwa sanduku: sweta mbili, rozari, viatu vya kazini na kile kibao. Kalamu imekauka, nimeiacha.

Pole sana.

Maureen Thackray


Gasan, Marinduque, Ufilipino
20 Februari 1998

Mpendwa Bi. Maureen,

Sanduku lilifika juzi, limeloa upande mmoja lakini vitu ni vizima. Barua ya nyumba ya wazee ilitangulia. Ilipigwa taipu, ikasema wanasikitika, na jina la Perlita lilifuatiwa na namba yake ya kazi. Yako ndiyo ya kwanza kuniambia alikuwaje. Nimeisoma mara nyingi. Nashukuru ulikwenda kumzika.

Nakuandikia kwa Kiingereza cha darasa la sita. Nilipokwama, Mwalimu Rejano alinisaidia. Ndiye aliyemfundisha Perlita Kiingereza. Amestaafu sasa, na sikio lake la kushoto halisikii, kwa hiyo tumebishana kwa kelele juu ya barua hii mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Nina swali, na naomba usilione la ajabu. Lile neno la kibaoni, ulilisomaje?

Hapa kwetu herufi hizo tatu zikikaa pamoja tunazisoma kama zilivyo: a-te. Maana yake ni dada mkubwa. Ndivyo mdogo anavyomwita dada yake, tangu anapojua kusema. Hamwiti kwa jina tupu. Kumwita kwa jina tupu ni kumwambia kwamba umemvua udada, na hapa kwetu hata mtoto wa miaka mitatu anajua hilo.

Mimi ndiye dada yake Perlita. Watoto tuliofikia ukubwa tulikuwa wawili tu, na nilimzidi miaka kumi. Mama yetu, Inay, alikuwa akikausha nazi kwa watu kutwa nzima, kwa hiyo mimi ndiye niliyemsuka nywele na kumpeleka shule. Alipokuwa darasa la tatu Mwalimu Rejano aliandika ubaoni sentensi ya kwanza ya wakati uliopita, "I ate", akamwita Perlita aisome. Perlita akasoma "Ai a-te." Mimi ni dada mkubwa. Darasa zima likaanguka chini kwa kicheko. Nilikuwa nje dirishani nimemletea mwavuli, niliwasikia. Kijana mmoja akamwambia, "Wewe dada mkubwa wa nani? Kamasi zako mwenyewe zimekushinda!" Mwaka mzima walimwita Ai Ate. Siku ile alirudi nyumbani analia, akaniambia, "Ate, kumbe Wazungu wameiba neno letu wakalifanya chakula!"

Sasa nikuambie kwa nini nauliza. Mwaka 1991 Perlita alikuwa na miezi miwili tu huko kwenu. Inay akaugua. Mimi sikumwandikia Perlita. Nilijua atarudi, na akirudi hawatampokea tena kazini. Inay alifariki mwezi wa sita, nikamzika, na baada ya wiki tatu ndipo nikaandika. Perlita alinijibu kwa mstari mmoja: "Leonila, ungeniacha nimwone." Tangu siku ile sikuwa tena Ate. Kila Krismasi alituma kadi: "Leonila, mimi mzima. Perlita." Kadi sita, zote hivyo. Na alipoondoka hapa alikuwa amechukua picha yetu ya pekee ya pamoja, tuliyopigwa mbele ya kanisa, mimi nimemshika bega.

Kwa hiyo kama ni kitenzi, alikula, na nitamshukuru Mungu kwa kila kijiko. Lakini kama ni neno letu, basi mdogo wangu aliniita, siku tatu mfululizo, baada ya miaka sita na nusu.

Mwalimu Rejano anasema, "Leonila, mtoto niliyemfundisha mimi haandiki kitenzi bila mtenda. Angeandika 'mimi nilikula', na mwishoni angeongeza 'tayari' kama tunavyoongeza Wafilipino wote, hata angekuwa anakufa." Halafu akaziba mdomo kwa mkono, maskini.

A yake ilikuwa kubwa au ndogo? Alipokuonyesha kibao, alikutazama vipi? Chochote unachokumbuka, hata kidogo.

Nakutumia pakiti mbili za biskuti za uwanga. Ndiyo kazi yangu, kuoka hizi. Zinavunjika njiani, lakini ladha ni ile ile.

Leonila Sadiwa


Lincolnshire
22 Machi 1998

Mpendwa Leonila,

Biskuti zimefika unga, tumezila kwa kijiko, mume wangu amemaliza pakiti nzima peke yake.

Umeuliza neno lile nilisomaje. Mimi husema et. Fupi, kama mtu aliyekatizwa. Mama yangu alisema hivyo, na bibi yangu pia. Mwalimu wetu alitaka tuseme eit, kwa kulivuta, sawasawa na tunavyosema namba nane, na alimpiga kaka yangu rula ya vidole kwa ajili hiyo. Kaka akamwambia, "Mwalimu, chakula chenyewe nimeshakimeza, wewe unataka nikivute cha nini?" Akapigwa tena. Watu wasomi hapa wanasema yote mawili ni sawa, lakini kila mmoja anaamini la mwenzake ni la kishamba.

Kwa hiyo nilisoma et. Sikujua kama kuna namna ya tatu.

Lakini tangu barua yako ifike nimefikiria sana, na sasa nakumbuka vizuri zaidi. A ilikuwa kubwa. Nina hakika. Na alipokuwa anaandika, alinyoosha kidole kwenye picha iliyokuwa juu ya kabati, nyinyi wawili mbele ya kanisa, wewe umemshika bega. Akafungua midomo akasema bila sauti, kwa vipande viwili, kama ulivyoandika. Wakati ule sikuelewa. Sasa naelewa.

Alikuita, Leonila. Na alikuwa na uso mtulivu. Uwe na amani.

Maureen


Gasan, Marinduque
30 Aprili 1998

Mpendwa Bi. Maureen,

Barua yako ilifika siku ya Jumanne. Niliisoma nimesimama, halafu nikaisoma nimekaa. Nikatoka mbio na unga mikononi kwenda kwa Mwalimu Rejano, nikampigia kelele upande wa sikio zima: "Ameniita! Ameniita!" Akasema, "Nilikuambia! Kitenzi hakikai bila mtenda!" Nikamwambia mwuza samaki, nikamwambia padri, nikawaambia hata watu waliokuwa wakisubiri jipni, basi dogo la hapa kwetu, na ambao hawakuwahi kumwona Perlita. Siku nne nilikuwa mtu mwingine. Nilioka biskuti zikatoka nyeupe kama zamani.

Siku ya tano nilikuwa napangusa vumbi ukutani.

Kuna jambo sikukuambia katika barua yangu ya kwanza, kwa aibu. Ile picha ya mbele ya kanisa Perlita aliirudisha. Ilikuwa ndani ya bahasha moja na ule mstari wake, mwaka ule ule wa 1991. Hakuichana. Aliirudisha tu, kama mtu anavyorudisha bakuli la jirani. Imekaa ukutani kwangu tangu siku hiyo. Nilikuwa na kitambaa mkononi, nikaitazama, ikanitazama.

Sikukasirika, Bi. Maureen. Nataka uliamini hilo. Nilikaa chini tu.

Najua kwa nini ulifanya hivyo, kwa sababu na mimi nilifanya hivyo hivyo. Sasa nitakuambia ambalo hata Perlita hakuambiwa. Si mimi niliyeamua asiandikiwe. Ni Inay. Alikuwa amelala anatazama dari, akaniambia, "Usimwandikie mtoto. Akija atakosa kazi, na mimi nitakuwa nimekufa vilevile." Nikasema, "Atanichukia, Inay." Akasema, "Wewe ni mkubwa. Utavumilia." Baadaye sikumwambia Perlita, maana sikutaka amkasirikie marehemu ambaye hawezi kujitetea. Nikaona heri anikasirikie mimi niliye hai, siku moja atachoka. Nilidhani tuna muda.

Kwa hiyo najua mtu anavyoweza kuficha jambo kwa kupenda. Lakini mimi nimeona lilivyonitendea, na sitaki nilale juu ya kitu kama hicho mara ya pili.

Nakuomba unieleze ilivyokuwa, hata kama ni uji tu. Mdogo wangu alifanya kazi ya kulisha wazee miaka saba. Alinisimulia katika barua za kwanza kwamba kila jioni lazima waandike kwenye karatasi: huyu kala nusu, yule kala vyote. Labda lile neno ni mkono wa kazi tu, umeandika wenyewe. Mwalimu Rejano hataki kusikia hilo, lakini mimi naweza kulisikia. Kama alikula, niambie alikula nini. Kama ilikuwa viazi niambie viazi.

Leonila


Lincolnshire
14 Septemba 1998

Mpendwa Ate Leonila,

Nimelisema kwanza mbele ya kioo kabla ya kuliandika. Natumaini nimelisema sawa.

Miezi zaidi ya minne sijakujibu. Kila wiki nilikaa na karatasi. Hapakuwa na picha. Niliichukua kutoka kwenye barua yako nikakurudishia. Na ile A, Perlita alikuwa akiandika kila kitu kwa herufi kubwa, maana kalamu ilikuwa nene, kwa hiyo A yake haikuambii chochote. Wala hakusema kitu kwa midomo. Nilitaka upate usingizi. Nisamehe kwa hilo, au usinisamehe, lakini yanayofuata ni kweli tupu.

Baada ya barua yako ya Aprili nilimwomba muuguzi mmoja rafiki yangu anisomee karatasi za Perlita za siku zile, maana mimi siruhusiwi kuzigusa. Karatasi ya chakula ina mwandiko wangu: Jumatatu alikula, Jumanne alikula, Jumatano alikula. Karatasi nyingine, ya aliyekuwa akimwogesha, inasema mdomo mkavu, uzito unashuka, hakuna dalili ya kula. Karatasi mbili zilining'inia kwenye kitanda kimoja na hakuna aliyezisoma pamoja.

Hakula, Leonila. Sikuwahi kufunua sahani.

Sasa nikueleze ilivyokuwa. Mwezi wa kumi, sauti yake ilipokuwa bado ipo kidogo, tulikuwa na utani wetu. Mimi nikisema et, yeye anasema, "Eit, Maureen, eit! Mwalimu wangu angekuchapa." Na mimi namwambia, "Amkute kwanza kaka yangu." Kila siku hivyo. Nilimpenda kwa hilo.

Jumatatu ile nikafika na kitoroli. Nilikuwa na vitanda ishirini na vinne. Sahani yake imefunikwa, na kibaoni kuna lile neno. Nikasema, "Et! Hongera mpenzi," nikashika sahani. Akatikisa kichwa. Nikadhani ni ule utani. Nikainama nikampigia goti kidogo, nikasema, "Samahani, Malkia! Eit. Eit. Umeridhika?" Akatikisa kichwa tena, kwa nguvu, mpaka bomba la shingoni likacheza. Nikacheka. Nikamgeukia mama wa kitanda cha pili, nikamwambia, "Mwone huyu! Sauti hana na bado ananisahihisha Kiingereza changu!" Yule mama akasema, "Wageni ndio wanaokijua, Maureen. Sisi tumezaliwa nacho tu." Tukacheka wote wawili. Perlita alikuwa anatutazama.

Jumanne aliandika kubwa zaidi, kibao chote. Nikasema, "Eit, bi mkubwa, leo nimekumbuka, usinigombeze." Akafumba macho.

Jumatano nilipofika alikuwa amepiga mstari chini ya neno. Akanishika mkono wa gauni la kazi, hapa karibu na kifundo. Nilikuwa nimechelewa. Nikamwambia, "Et, eit, tumbo halijui tofauti, mpenzi wangu." Akaniachia. Akakifuta kibao mwenyewe, kwa kiganja, hakutumia kitambaa. Najua kwa sababu Alhamisi nilipoingia walikuwa wameshamfunika, mkono mmoja ulikuwa nje, na kiganja kilikuwa bado na wino wa buluu.

Nilikuwa na namna mbili za kulisema neno lile, nilizobishania maisha yangu yote, na nilimpa zote mbili. Ya tatu sikuwa nayo.

Hakuna aliyejua kwamba upo. Kwenye fomu ya hospitali, mahali pa ndugu wa karibu, aliandika jina la msimamizi wa nyumba ya wazee. Lakini bahasha ilikuwa kabatini siku zote hizo, mkono mmoja kutoka nilipokuwa nimesimama nacheka. Ningeuliza tu.

Mimi naamini alikuita. Lakini nilishakuambia mara moja kwamba nina hakika, na ilikuwa uongo, kwa hiyo sijui hakika yangu ina uzito gani kwako sasa.

Nimeacha kazi tangu Julai. Mume wangu akirudi akiniuliza kama nimekula, namwambia nimeshapata changu. Lile neno siwezi tena kulitamka, kwa namna yoyote ile.

Maureen


Gasan, Marinduque
2 Novemba 1998

Mpendwa Bi. Maureen,

Barua yako ilikaa posta ya Boac wiki mbili kwa sababu ya kimbunga. Paa la jikoni liliondoka, tumelipata kwenye shamba la mtu. Hakuna aliyeumia. Mwalimu Rejano sasa analala kwangu, maana kwake kumejaa maji, na usiku kucha ananiuliza umesema nini kwenye barua. Mwanzoni sikumsomea. Jana nilimsomea yote. Akasema, "Mimi ndiye niliyemfundisha kusema eit." Nikamwambia, "Mwalimu, na wewe usianze." Tayari ninao wengi wa kuwabembeleza.

Nashukuru kwa ukweli. Niliuomba na umeniletea.

Nilijaribu kuchagua, kama mtu anavyochagua kwenye soko bovu. Nikasema, labda alitikisa kichwa kukuambia tu kwamba hajala, na neno liliandikwa na akili iliyochoka. Basi alikuwa na njaa na sahani iliondolewa. Nikasema, hapana, alitikisa kichwa kwa sababu ulilisoma vibaya, na alikuwa ananitaka mimi. Basi alinitaka na sikuja. Nimezunguka huku na huku, nikaona kote ni kubaya. Lakini mtu mwenye njaa hapigi mstari chini ya neno. Kalamu nene, mkono usio na nguvu, na bado akapiga mstari. Huo ni Perlita. Alipokuwa mdogo nikichelewa kuitika alipiga teke mlango.

Kwa hiyo aliniita. Nimelijua nililotaka kulijua, na sijui nilitarajia litanifanyia nini.

Nilidhani nikishajua kwamba aliniita, nitajua kwamba amenisamehe. Nililala na wazo hilo miezi yote hii. Sasa naona si hivyo. Neno lile peke yake halisemi kitu. Mwalimu anasema la kwenu ni la wakati uliopita, limeshafungwa, mtu amekula na mambo yamekwisha. La kwetu ni mwanzo tu. Perlita hakuwahi kulitamka halafu akanyamaza. Ate, nisuke. Ate, kuna nyoka jikoni. Ate, mbona umenipa kipande kidogo? Ate, ninaondoka, usilie. Daima lilikuwa na mkia wake, na mkia ndio uliokuwa habari yenyewe. Safari hii ungekuwa nini? Labda, Ate, nimekusamehe. Labda, Ate, sitakusamehe kamwe, na nilitaka uyasikie hayo kabla sijaenda. Labda alitaka maji. Mtu akiita, husubiri aitikiwe ndipo aseme anachotaka. Alisubiri siku tatu.

Wala nisingefika, Bi. Maureen, hata kama mngenitafuta siku ile ile. Nimepiga hesabu ya njia: boti mpaka Lucena, basi mpaka Manila, halafu makaratasi ya ubalozi ambayo watu hungoja miezi. Hungeweza kunileta. Lakini mngeweza kumwambia, "Dada yako anajua." Hilo tu ndilo linaloniamsha. Halikuhitaji boti.

Leo ni siku ya wafu. Kila mtu yuko makaburini na mishumaa na wali wake, wamekaa juu ya makaburi wanacheza karata, watoto wanakusanya nta. Nimewasha mmoja kwa Inay. Nilikuwa nimepanga kumgombeza, leo, kwa sauti, mbele ya watu. Nikamwona amelala pale chini ya saruji yake ndogo, nikashindwa. Nikamwambia tu kwamba mtoto ameshafika.

Halafu nikarudi nyumbani kabla ya wengine. Nikasimama uani, nikaitika. Nilisema "Abee" kwa sauti ya kawaida, kama ambavyo ningeitika siku yoyote. Nikangoja. Kuku waliinua vichwa. Nikasema tena, "Abee, Perlita, nasikia." Nilingoja muda ambao mtu mwenye akili timamu hangoji, halafu nikaingia ndani kuanika unga uliolowa.

Unaniuliza, bila kuuliza, kama nakuchukia. Sikuchukii. Ulimgawia chakula kwa utani, na wengine wote waliandika namba yake. Najua alikupenda, maana hakumtania mtu asiyempenda. Siwezi kukuambia kwamba halikuwa kosa lako kidogo. Lilikuwa lako kidogo, na la Inay kidogo, na langu zaidi. Mwalimu Rejano anadai sehemu yake pia. Hata tukigawana hivyo halipungui, nimeshajaribu. Rudi kazini ukiweza. Funua sahani.

Ninakuomba mambo mawili madogo. La kwanza, usiniite Ate tena. Si kwa hasira. Hapa sokoni kila mtu mdogo kwangu ananiita hivyo, mwuza samaki ananiita hivyo, ni adabu tu na naitika. Lakini kutoka huko uliko, kwa kalamu, kutoka karibu na kitanda kile, nilikuwa nalisubiri kwa mtu mmoja. Wewe niite Leonila.

La pili, sidhani kama nitaandika tena. Mikono yangu si mizuri, na nimeshamaliza maswali. Hapa akiondoka Mwalimu, hatabaki mtu wa kuzungumza naye habari za mdogo wangu. Kwa hiyo wewe unikumbuke kama dada yake.

Leonila Sadiwa